Kinamasi cha Sebuleni

Mara ya tatu Wambura alipopotea, Kagwiria hakukimbia. Mara ya kwanza alikimbia mpaka kiatu kimoja kikabaki matopeni, na mara ya pili alikimbia akipiga mayowe yaliyowatoa majirani kwenye michai yao. Safari hii alitua kikapu cha chai, akajifunga leso kiunoni, akateremka polepole kama mtu aendaye kuteka maji. Pa kumpata alipajua.

Mama mkwe wake alikuwa amesimama katikati ya shamba la nduma, yale magimbi ya majini, chini kabisa ya boma, mahali kijito kinapotanuka na kuwa kinamasi kabla ya kujikusanya tena na kwenda zake mto Rupingazi. Maji yalimfika magotini. Midomo ilikuwa imebadilika rangi kwa baridi, na mikononi alishika magugu aliyoyang'oa, akiyatazama kama hajui ayatupe wapi.

"Umechelewa," alimwambia Kagwiria. "Wenzako wameshamaliza mistari yao."

Hao walikuwa wenzake Wambura mwenyewe, waliozikwa zamani, karibu wote. Kagwiria hakubishana, kubishana ni kazi ya watu waliolala vizuri. Alimshika mkono wakaanza kupanda. Mteremko ule wa Kibugu ni wa kutambaa, na nyasi zake huteleza hata siku za jua, sembuse siku za ukungu, ambazo ndizo nyingi. Kila hatua chache mzee alisimama kuuliza wanakwenda wapi, kila mara aliambiwa nyumbani, na kila mara alisema nyumbani ni kule walikotoka. Walipofika juu ng'ombe alikuwa akilia kukamuliwa, chai ya kikapuni ilikuwa imenyauka, na lori la kukusanyia majani lilikuwa limeshapita.

Tusifiche neno: Kagwiria alikuwa amechoka. Uchovu wa jembe anaujua kila mtu, ukioga na kulala unakwisha. Wake ulikuwa umehamia mifupani kama mpangaji asiyekusudia kuhama. Aliolewa hapo akitokea Kibirichia, nchi ya viazi na baridi, akaja kwenye nchi ya chai na baridi, kwa hiyo hata hali ya hewa haikumpa nafuu. Mumewe, Mugendi, alishafariki. Binti yao, Kajuju, yuko chuoni Meru. Nyumbani walibaki wanawake wawili, mmoja akili zikimvuja kidogo kidogo, mwingine akikimbizana nazo.

Ndugu wa marehemu walikuwepo, kwenye simu. Kikundi cha familia cha WhatsApp hakikukosa watu wema. Kagwiria alipoandika kwamba Mama ameokotwa tena kinamasini, walituma viganja vya kuomba, vingi, na mstari wa Zaburi juu yake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyejibu kwa vitendo alikuwa shemeji yake, Ireri, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Embu, na dawa yake ilitoka rafuni mwake mwenyewe: komeo la chuma, la kupigwa upande wa nje wa mlango wa chumba cha Mama. Asubuhi Kagwiria akienda kuchuma chai, Mama afungiwe. Mchana afunguliwe, ale. Hakuna ubaya, aliandika, ni kwa usalama wake.

Ubaya ulikuwepo, na usalama nao ulikuwepo, ndipo ugumu ulipokuwa. Siku moja mzee angeanguka kifudifudi mle majini na asingeinuka. Lakini huyu alikuwa mwanamke aliyefungua mlango wa nyumba yake kwa mkono wake kila alfajiri ya maisha yake, na hata mumewe alipokuwa hai hakuthubutu kumuuliza anakwenda wapi. Leo afungiwe kama mbuzi aliyekula mahindi ya jirani? Kagwiria alisema moyoni kwamba heri amfuate mtoni mpaka magoti yamwishe. Jambo lililomtisha, na ambalo hakumwambia mtu, ni kwamba aliposoma ule ujumbe alifikiria usingizi kwanza. Hasira zilikuja baadaye.

Aliwajibu kwamba wampe mpaka mwisho wa mwezi ujao, atapata njia nyingine. Njia yenyewe hakuwa nayo.

Aliipata kwenye foleni. Wiki hiyo hiyo alimpeleka Mama mjini Embu kupimwa presha, na Wambura kwenye foleni si mtu wa kukaa. Huinuka, hufungua milango ya watu, huwauliza wauguzi kama wamepalilia. Siku hiyo aliingia kwenye chumba cha kungojea, akasimama, akanyamaza.

Kando ya ukuta palikuwa na sanduku la kioo refu kama benchi, taa imewashwa juu yake. Upande mmoja ulikuwa maji, na samaki wadogo ndani. Upande wa pili ulikuwa nchi kavu iliyoinuka, ina mawe, ina kangaga, ina majani mapana machanga yaliyofanana na nduma. Katikati, pale maji na ardhi vinapogombania mpaka, palikuwa na tope jeusi lililoota magugu membamba, na maji yalichuruzika kutoka juu ya jiwe moja, yakapita topeni, yakarudi kwa samaki. Wambura alivuta kiti mpaka pua yake ikakaribia kioo. Akavua viatu, akaviweka kando, kama mtu anayejiandaa kuingia.

Akakaa hapo. Kagwiria naye akakaa, akaegemeza kichwa ukutani, akaja kushtuliwa na muuguzi anayemtikisa bega, akimwambia jina lao limeitwa mpaka limechosha. Alikuwa amelala. Mchana kweupe, mbele ya watu, mdomo wazi, na Mama hakuwa amekwenda popote.

Aliuliza aliyetengeneza kitu kile ni nani. Akaelekezwa nyuma ya soko, kwa kijana mmoja aitwaye Abdimajid. Huyu alitoka Maua, kwenye ukoo wa Waislamu ambao wote wanasafirisha mizigo kwa malori, na yeye peke yake ndiye aliyeangukia samaki, jambo ambalo wazee wake hawajaacha kulijadili. Kagwiria alimweleza habari yote, kinamasi, mteremko, komeo. Kijana alisikiliza hadi mwisho bila kushika simu yake, ambayo ni adabu ya nadra siku hizi. Halafu akasema ana sanduku moja lililorudishwa na mwenye hoteli, lina mkwaruzo upande mmoja lakini halivuji, na badala ya pesa angependa aletewe kangaga na zile nyasi laini za kijani zinazoota juu ya mawe yenye unyevu, kwa sababu vitu hivyo mjini havipatikani. Wakapeana mikono.

Alikuja nalo Kibugu kwa pikapu ya binamu yake. Kabati la vikombe likahamishwa, picha ya Mugendi ikateremshwa na kutundikwa kwingine, na sanduku likakaa sebuleni, mbali na dirisha la jua, maana jua likipiga maji moja kwa moja, kijana alieleza, maji hugeuka kijani. Wakajenga pamoja. Kwanza ukuta mdogo wa mawe kugawanya nchi na maji. Upande wa nchi, kokoto chini, juu yake wavu, juu ya wavu mchanga wa mtoni uliochanganywa na tope kidogo sana. Nyuma ya mzizi mkavu wakaficha pampu ndogo ya kuvuta maji, na bomba jembamba la kuyapandisha mpaka juu ya nchi, ili yashuke yakipenya kwenye kokoto na mizizi na kurudi yakiwa safi. Mizizi ndiyo ufagio, alisema Abdimajid. Mimea ikishika, maji hujiosha yenyewe. Mwisho akatia samaki wachache wa kuanzia.

Kabla ya kuondoka alisimama mlangoni, akatoa onyo lake kwa uzito kama anayeacha wosia.

"Sikiza, mathe. Hii kitu ni ya njaa. Udongo ya shamba usiweke. Mbolea usiguse kabisa. Ukiilisha, inakufa."

Kagwiria aliitikia vizuri, na hakuamini hata neno moja. Alizaliwa kwenye viazi, akaolewa kwenye chai, na kote huko mtu anayepanda bila mbolea huhesabiwa kuwa mvivu au mgonjwa. Mmea gani wa duniani umewahi kushiba hewa? Miche ya nduma aliyoichomeka kwenye tope la sanduku ilikaa siku mbili, ya tatu ikaanza kupauka kidogo kwenye ncha. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye gunia la samadi ya mbuzi, samadi nzuri, iliyoiva, isiyonuka kabisa. Alifukia konzi moja chini ya kila mche, akanawa, akaenda kukamua akiwa na amani.

Maji yaligeuka kijani, kisha kahawia, kisha yakapata ukoko juu kama uji uliopoa. Samaki walielea mdomo juu wakitafuta pumzi mpaka wakaacha kutafuta. Harufu iliyotoka humo ilifika barabarani. Wambura, ambaye alikuwa ameanza kulizoea lile sanduku, alilitazama, akajiziba pua kwa leso, akachukua fimbo yake na kwenda mtoni, na kwa kweli nani angemlaumu. Kagwiria alimkuta nusu ya mteremko, ameketi chini, kiwiko kimechubuka.

Na Jumapili hiyo ndipo Ireri alipokuja, na suti ya kanisani. Alisimama sebuleni kwa adabu kadiri alivyoweza.

Alisema nyumba inanuka kama zizi, akauliza kama hiki ndicho Mama Kajuju alichoombea muda. Akatoa futi mfukoni na kupima fremu ya mlango wa chumba cha Mama, pole pole, kama fundi wa majeneza anayejifanya hampimi mtu. Kagwiria alimwambia kwamba kama anataka kusaidia, aje siku moja kwa wiki ampeleke Mama kwenye nduma zake na kumrudisha, mchana huo mmoja tu. Ireri alishangaa kama aliyeambiwa avae sketi. Katika boma lile mistari ya nduma ni ya wanawake tangu zamani. Wavulana waliothubutu kusogea huko walifukuzwa kwa kurushiwa matope, na hata walipoota ndevu waliendelea kusimama juu kwenye ua na kuita. Alijibu kwamba huko si kwa wanaume, hata njia haijui, na kwamba mwisho wa mwezi ni mwisho wa mwezi.

Alipoondoka, Kagwiria alimpigia Abdimajid.

"Uliweka mbolea," alisema kijana. Hata hakuuliza.

Kidogo tu, Kagwiria alisema. Abdimajid alicheka bila ubaya, akamwambia asijilaumu, watu wa huku juu wote huweka. Kuna mwalimu mmoja wa Manyatta aliweka ile ya dukani ya kupandia mahindi, na samaki hawakumaliza saa moja. Sasa atoe kila kitu, aoshe, aanze upya. Na safari hii akiona mmea unapauka auache upauke, utajifunza.

Basi akaanza upya. Ukisema "akaanza upya" inasikika kama kitu chepesi. Ni kuteka maji machafu kwa kikombe na kuyatoa kwa ndoo, ndoo baada ya ndoo, mpaka kiuno kikatae. Ni kuosha mchanga kwenye beseni pale kwenye mfereji wa nje, unaukoroga, unamwaga maji ya matope, unaukoroga tena, na kila ukidhani umetakata unatoa wingu jingine. Kokoto zilioshwa moja moja. Mikono ya Kagwiria ilivimba kwa baridi mpaka ikashindwa kufunga vifungo. Kuna wakati aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akalia, wala hakulia kwa ajili ya samaki. Alilia kwa sababu alijua vizuri kwamba angeweza kuacha, komeo likapigwa, na watu wote wangesema alijitahidi. Alipomaliza kulia alijifuta na leso, akarudi kwenye mchanga.

Ukaja muda wa kungoja, sanduku likiwa na maji na mimea bila samaki. Maji yalichafuka kidogo, yakatulia, na asubuhi moja yakawa meupe kabisa, hata mizizi ya nduma ikaonekana ikinyoosha vidole kwenye mchanga. Ile miche iliyopauka ilitoa majani mapya, madogo, magumu, ya kijani iliyokolea. Njaa ilikuwa imeisaidia. Kagwiria aliyatazama kwa muda, na akili yake ya mkulima haikukubali, lakini macho yalikuwa yameona.

Abdimajid alituma samaki wengine, wa kuvumilia baridi. Na jambo likafanya kazi, Mungu ashukuriwe. Asubuhi Wambura alikunywa uji, akavuta kiti, akavua viatu, akaingiza mikono miwili kwenye tope la sanduku mpaka vifundoni. Alipalilia. Vijani vidogo kama kucha alivikamata kwa vidole vilevile vilivyopinda, akavipanga ukingoni. Aliongea na wenzake, akawacheka waliokuwa nyuma. Kagwiria alikwenda kuchuma chai, akarudi akamkuta palepale. Alikwenda kukamua, akarudi, yupo palepale. Fimbo ilikaa nyuma ya mlango mpaka buibui akatanda juu yake. Kwenye kikundi alituma picha, na viganja vya kuomba vikageuka kuwa vya kupiga makofi.

Wapiga makofi hawakujua kwamba Kagwiria alikuwa amejiongezea ng'ombe wa pili, tena asiyekamuliwa. Kioo kilitaka kufutwa. Kila wiki sehemu ya maji ilitaka kutolewa na kujazwa ya mvua. Majani yaliyooza yalitaka kuokotwa kabla hayajachafua, na mimea aliyoing'oa Mama kwa kudhani ni magugu ilitaka kurudishwa mahali pake wakati mwenyewe hatazami. Pampu iliziba, ikazibuliwa kwa unyoya wa kuku. Stima ilipotea, kama kawaida yake mvua ikinyesha, na Kagwiria akasimama hapo akikoroga maji kwa mwiko ili samaki wapate hewa, akasinzia wima, mwiko ukamdondoka. Hata hivyo aliyapenda maisha hayo kuliko ya mteremko. Angalau uchovu huu ulikuwa ndani ya nyumba.

Halafu Wambura akaanza kuyafuata maji.

Mwanzoni ilikuwa kwa kidole tu. Aliweka kidole pale maji yanapotoka juu ya jiwe, akashuka nayo taratibu, akapita kwenye tope, akafika kwenye samaki, akasimama. Akarudi juu tena. Alifanya hivyo asubuhi nzima, uso umekunjamana.

"Maji haya yanaenda wapi?" aliuliza.

Kagwiria, aliyekuwa akimenya viazi, alijibu kwamba yanaenda chini. Chini wapi? Chini tu, Mama. Mzee alitikisa kichwa. Kesho yake aliuliza tena, na baada ya chakula tena, na kabla ya kulala. Yeye alikuwa mtu wa kando ya mto maisha yake yote; alijua mkondo unaopita kwake unaingia kwa nani, na nani alaumiwe ukikauka. Maji ya sebuleni hayakuingia kwa mtu yeyote.

Siku iliyofuata alichukua kikombe. Aliteka maji sandukuni, akayabeba kwa mikono miwili mpaka mlango wa mbele, akayamwaga chini upande wa bondeni, akasimama kuyaangalia yakienda. Akarudi akateka tena. Kagwiria alipotoka shambani alikuta pampu ikikoroma kwa kuvuta hewa na samaki wamejibanza kwenye kidimbwi kilichobaki. Alijaza. Mama akaanza kuteka. Alificha vikombe, Mama akateka kwa kifuniko cha sufuria. Alifunika sanduku kwa ubao. Mama akauondoa, akauegemeza ukutani vizuri bila hasira, akaendelea. Siku tatu walikaa hivyo, mmoja anamwaga, mwingine anajaza, wakipishana mlangoni na kusalimiana. Wambura hakuonekana kuchoka hata kidogo. Usiku alilala kama aliyefanya kazi ya maana, na Kagwiria, aliyelala karibu yake, alihesabu mabati ya paa.

Katika hali hiyo mwezi ukaisha, na Ireri akafika. Alikuja na komeo na fundi wa milango. Alikuta sakafu imelowa, mama yake anapita na kifuniko cha sufuria kilichojaa maji, na shemeji yake anakuja kutoka upande wa pili na ndoo. Alitazama huku na huku.

"Hii ndiyo dawa yenyewe, Mama Kajuju?"

Kagwiria aliweka ndoo chini. Fundi aliingia ndani, akaliinua komeo kwenye mlango wa chumba ili kuona kimo chake, akachukua penseli sikioni. Kagwiria alimwangalia akichora alama ya kwanza, kisha ya pili, na moyo wake ukafa kabisa. Alisema ndani yake: sawa. Pigeni. Nimeshindwa.

Wambura aliporudi kutoka mlangoni alimkuta Ireri amesimama mbele ya sanduku, koti lake refu limemziba njia. Alimtazama kutoka viatuni mpaka usoni.

"Wewe ni mtu wa serikali?"

"Mama, ni mimi. Ireri."

"Basi uwaambie wakubwa wako," mzee alisema, kwa ile sauti ya baraza ambayo Kagwiria hakuwa ameisikia kwa miaka. "Haya maji yamefungwa. Mimi nimeyafuata. Yanapanda, yanashuka, yanarudi hapohapo. Yanatafuta njia na hakuna njia." Aligonga kioo kwa kidole kilichopinda. "Yalikosa nini?"

Ireri aligeuka akakitazama kioo.

"Nakuuliza kwa heshima. Yalikosa nini hata yafungwe?"

"Hayakukosa kitu, Mama."

"Kama hayakukosa, mbona mmeyafunga?"

Fundi aliteremsha komeo taratibu, akaliweka juu ya kabati la vikombe, akakumbuka kitu alichokisahau nje. Ireri alibaki akitazama sakafu. Lakini aliyechomwa zaidi na maneno yale hakuwa yeye. Kagwiria alikuwa ameyasikia kwa mgongo wake uliovunjika kwa kuosha mchanga, kwa mikono yake iliyopasuka. Alitengeneza komeo lake mwenyewe. Alilipandia kangaga, akaliwekea samaki na taa, akalishangilia kwenye kikundi, na mzee aliyesahau majina ya watoto wake alikaa mbele yake akalifuata kwa kidole mpaka akajua ni nini. Aliona aibu, kisha aibu ikapita, na chini yake akakuta hasira iliyokaa hapo muda mrefu ikingoja nafasi.

"Shemeji, vua koti," alisema. "Gambuti za kaka yako ziko chini ya kitanda changu. Mpeleke mtoni."

"Mimi? Mama Kajuju, unajua kule si..."

"Najua."

"Hata njia siijui."

"Yeye anaijua. Wewe mfuate. Usimshike mkono mpaka akuombe, hapendi. Akisimama, simama. Akiingia kwenye maji, ingia naye, ukae upande wa chini ili akianguka akuangukie wewe. Midomo ikianza kubadilika, mwambie kuna wageni nyumbani. Atapanda mwenyewe."

Ireri aliangalia mlango wa chumba, ulio na alama mbili za penseli, akamwangalia mama yake, ambaye alikuwa ameanza tena kuteka.

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Mimi nimelala."

Alisema hivyo kana kwamba tayari amelala. Akaongeza kwamba akirudi aandike kwenye kikundi siku atakazokuja, na wale wa viganja nao waandike za kwao, kwa sababu kidole kimoja hakivunji chawa na yeye kidole chake kimeota sugu. Hakupandisha sauti hata mara moja. Ireri alivua koti, akalikunja, akatafuta pa kuliweka pasipolowa. Gambuti zilimbana. Mama yake alimtazama akihangaika nazo, akaweka kifuniko cha sufuria chini, akauliza kama kijana huyu mpya anajua kupalilia au atakanyaga miche ya watu.

"Atajifunza, Mama," alisema Kagwiria.

Walitoka. Kagwiria alichomoa pampu ukutani, nyumba ikanyamaza. Samaki angewahamisha kwenye ndoo baadaye, au kesho. Walikuwa na maji ya kuwatosha. Alikwenda chumbani kwake na miguu yake yenye matope, akajilaza juu ya kitanda kilichotandikwa, saa tano ya asubuhi, kama mgonjwa au tajiri. Dirisha lilikuwa wazi. Kutoka mteremkoni alimsikia Ireri akiteleza na kumwita Mungu, kisha kishindo, kisha kimya, kisha Mama akicheka, kicheko kirefu cha msichana. Kagwiria alifikiria kuinuka achungulie. Akaona uvivu, akageukia ukutani.